Kisu Nilichoking'oa Meno

Mkono wa kulia wa rafiki yangu haukukatwa na bati la mtumbwi. Niliukata mimi, kwa kisu changu mwenyewe, chini ya maji ya Ziwa Singidani. Bati nililitunga nikiwa bado natema maji, na mji ukalipokea bila hata kuomba punguzo.

Nimekosa. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu huko mbele kuna mahali nitasimulia nilivyonaswa, na unaweza kunionea huruma. Usinionee. Soma tu.

Mimi ni mtu wa sokoni, Singida mjini. Nina kibanda cha vyuma: majembe, mapanga, kamba, minyororo. Pembeni nakodisha vitu kwa wenye shughuli, masufuria makubwa, maturubai, visu. Kwangu kitu hakikai rafuni bila kupewa kazi mbili. Sufuria isiyouzwa ikodishwe. Turubai lisilokodishwa lianikiwe alizeti. Kitu chenye kazi moja tu nakiona kama mgeni aliyekuja na begi lakini hasemi anaondoka lini.

Rafiki yangu nitamwita Shabani, ambalo si jina lake. Ni fundi cherehani. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa Mnyaturu, akabaki. Shabani naye alipokuwa kijana aliteremka pwani kutafuta maisha, akapata kazi ya kuwazamisha watalii na mitungi ya hewa mgongoni. Aliporudi alikuja na seti mbili za vifaa vya mtumba na mashine ya kujazia hewa ya kupumua. Sio ile ya kujazia matairi, na alikuwa mkali sana ukizifananisha.

Watu walimcheka. Umeleta vitu vya bahari nchi kavu, walimwambia. Lakini tuna maziwa mawili hapa mjini, tuna mabwawa vijijini, na binadamu popote alipo hudondosha vitu. Pampu, nanga, pikipiki. Kuna bwana mmoja alidondosha baiskeli akiwa ameipanda. Mkasi ndio uliomlisha Shabani, ila kuzamia ndiko kulikompa heshima.

Mitungi miwili inataka watu wawili, kwa sababu kwake mtu hashuki chini peke yake. Akanichagua mimi. Sijui alichokiona. Labda alidhani mtu anayekagua kila bidhaa mara mbili kabla ya kulipa atakagua na vifaa vyake.

Akanifundisha, nikafuzu, ikabaki kitu kimoja tu: kisu. Kisu, alisema, kila mtu anunue chake na akijue kama anavyoijua simu yake. Nilipokwenda Dar kufuata mzigo tukaongozana mpaka kwenye duka la vifaa vya baharini. Muuzaji alikuwa mama mmoja mtu mzima, mtulivu. Shabani akachagua kisu kifupi cha chuma kisichoshika kutu upesi. Upande mmoja makali ya kawaida, upande wa pili meno kama ya msumeno mdogo, na mbele hakina ncha. Kimekatwa butu kama patasi.

Nikakigeuza mara mbili.

"Mama, hiki kimevunjika ncha."

"Hakijavunjika. Ndivyo kilivyo."

"Kama kimezaliwa na kilema, basi kipunguze bei. Siwezi kulipia kisu kizima napewa robo tatu."

Yule mama akamtazama Shabani. "Huyu umemtoa wapi, baba?"

"Singida."

"Ahaa. Nilishapita stendi yao. Kuku mmoja tulimbishania mpaka basi likataka kuniacha."

"Na ulimnunua?" nikamuuliza.

"Nilimnunua."

"Basi unajua sisi hatubishani, tunazungumza."

Akacheka, akapunguza, na nyongeza akanipa mikanda miwili ya mpira. Nikatoka dukani najiona mshindi. Shabani hakuwa anacheka.

"Sikiliza, kaka," aliniambia pale barazani. "Chini ya maji humchomi mtu, wala hupigani na papa. Unakata kamba na nyavu basi. Ncha ya nini? Una jaketi la hewa, una mabomba ya hewa, na mwenzako yuko umbali wa mkono. Ncha itatoboa kimojawapo. Na hayo meno ndiyo kisu chenyewe. Uzi wa plastiki ukilowa unateleza, makali laini hayaushiki. Meno yanaushika."

"Na kinafungwa wapi?"

"Kifuani, hapa kwenye mkanda. Mkono wa kulia ukinaswa, wa kushoto ufike. Wa kushoto ukinaswa, wa kulia ufike."

Nikasema kifuani kitanibana, nataka mguuni. Akasema mguuni wanafunga wa kwenye sinema: ukinaswa miguu utakifikiaje, na mpini wenyewe unashika nyavu. Nikambishia. Mtu akibishana na mimi huchoka yeye kwanza, ndiyo kazi inayonilisha. Mwisho tukakubaliana kiwe mguuni lakini upande wa ndani. Tazama nilivyokuwa. Usalama wangu mwenyewe niliupunguza kama napunguza gunia la vitunguu, halafu nikafurahia punguzo.

Tuliporudi Singida akaning'iniza kipande cha wavu wa zamani kwenye nondo ya dirisha la duka lake la ushonaji. Akaniambia nifumbe macho, nichomoe kisu kwa mkono mmoja, nikate. Nikakata, uzi ukaachia palepale. Akaniambia hivyo ndivyo kila kisu kinavyojaribiwa kabla ya kila safari ya majini, hata kama kilikata jana.

Mpaka hapo nilikuwa sijakosa.

Kosa lilianza kwa mbuzi. Jirani yangu alikuwa na akika ya mtoto, akaja kukodi masufuria na visu. Visu vyangu vingine vilikuwa nje kwenye msiba. Macho yangu yakaangukia kwenye kile cha kuzamia, kimetulia rafuni, kinang'aa, hakijaingia majini tangu mwezi uliopita. Nikasema moyoni, Singida tuna maziwa mawili na mbuzi wasiohesabika. Huyu naye afanye kazi.

Mchinjaji alikishika, akapitisha kidole kwenye meno, akanirudishia. "Hiki kinakereza, hakichinji. Mnyama hateswi. Niletee kisu laini."

Mtu mwingine angekirudisha rafuni. Mimi nikakipeleka kwa fundi wa kunoa, yule wa mashine karibu na soko. Nikamwambia aondoe meno yote yawe laini pande mbili, na mbele anitolee ncha ya kuchunia ngozi.

Fundi akazima mashine. "Bosi, haya meno ni ya kiwandani. Sio pengo."

"Najua. Ondoa."

"Hayarudi lakini."

"Kwani nimekuuliza habari za kurudi?"

Akawasha mashine. Sikukaa hata kuangalia, nilikwenda kunywa chai. Niliporudi nilikuta kisu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo. Mchinjaji alikisifu. Watu wakaanza kukikodi kwa jina: tupe kile cha ziwani. Kwenye shughuli kilipita, kikarudi, kikaoshwa, kikarudi kwenye ala yake. Nikajiona nimewashinda mpaka wazungu waliokitengeneza, maana wao walikipa kazi moja na mimi nimekipa tatu.

Shabani sikumwambia. Sikuwa na nia mbaya. Nilijua atakachosema, na kusikia kitu unachokijua ni kupoteza muda. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Halafu tajiri mmoja wa samaki akadondosha injini ya mtumbwi wake upande wa mawe makubwa. Ziwa letu lina mawe yaliyochomoza majini kama viboko waliolala, na chini yake wavuvi wa miaka mingi wamepoteza nyavu. Hazionekani. Nyingine ni zile za uzi wa plastiki, nyembamba, hata ukiishika mkononi kwenye mwanga unaitafuta. Zinaning'inia mle zikisubiri samaki ambaye hana mwenyewe.

Asubuhi ile tulivaa vifaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, wavuvi wawili wakitusubiri kwenye mtumbwi. Shabani akaanza ukaguzi wake.

"Hewa?"

"Imejaa."

"Mikanda?"

"Ipo."

"Kisu?"

Nikapiga ala kwa kiganja. "Kipo."

"Umekijaribu kwenye wavu?"

"Nimekijaribu."

"Lini?"

"Shabani, tunazama au tunafanya mtihani wa darasa la saba?"

Wavuvi wakacheka. Naye akacheka, akaacha kuuliza. Ile ni mbinu ya sokoni. Mteja akianza kuchunguza mahali palipo na ufa, mchekeshe, atainua macho. Nimeuza shoka bovu kwa kicheko kama kile. Siku ile nilimuuzia rafiki yangu maisha yangu na mkono wake.

Tukashuka. Maji ya Singidani ni ya kijani na mazito, ukinyoosha mkono unaona vidole kama vya mtu mwingine. Hapakuwa na kina cha kutisha, juu yangu palikuwa na maji ya kimo cha watu watatu waliopandana mabegani. Injini tuliipata, imelalia ubavu kwenye tope, mimi nikaifunga kamba. Shabani akapanda kidogo kuongoza kamba isikwame kwenye jiwe. Nikarudi nyuma ili nimpishe.

Mguu haukuja.

Nikauvuta. Ukaja kidogo, halafu ukarudishwa, taratibu, kama mtoto anayekushika nguo ukitaka kutoka. Wavu ulikuwa umeushika mpini wa kisu, pale mguuni. Nikageuka nitazame, na kule kugeuka ndiko kulikonimaliza, kwa sababu wavu ulizunguka na mimi, ukapanda mpaka kwenye kichwa cha mtungi nyuma ya shingo yangu. Sasa nikivuta mguu, shingo inarudi nyuma. Nikivuta shingo, mguu unapanda. Nilikuwa nimefungwa kama kuku anayesafirishwa.

Nikainama kwa shida, nikakichomoa kisu. Nikakata.

Hakikukata. Nasema hakikukata, kisu kilichochinja mbuzi bila mbuzi kujua. Wavu ulikuwa umelegea, umelowa, una utelezi wa miaka. Makali yale laini yaliupitia juu kama mgongo wa kijiko kwenye kidevu. Uzi ulisogea, ukanipisha kwa adabu, ukarudi. Nikautafuta kwa meno ya kisu, kidole gumba kikapita pale yalipokuwa, na hapo ndipo nikakumbuka yule fundi akiniambia hayarudi.

Sijui kama umewahi kunaswa mahali ambapo kila unachofanya kinakaza zaidi. Nilijua kanuni. Tulia, pumua taratibu, mngoje mwenzako. Nilizijua zote, hata usingizini ningekutajia. Lakini nilikuwa nasikia pumzi yangu masikioni inakwenda kama cherehani, na kila pumzi ilikuwa inatoka kwenye mtungi ambao haukuwa wa kujazwa tena kule chini. Nikaanza kuchoma. Ncha ninayo, si ndiyo? Nikachoma wavu, nikachoma tope, nikachoma maji.

Kitu kikanigusa bega.

Alikuwa Shabani. Alikuwa amekuja kwa nyuma kunifungua pale shingoni, na kwanza akaniwekea mkono begani ili nijue ni yeye. Sikujua ni yeye. Niligeuza mkono wenye kisu, kwa nguvu zote, na safari hii kikakata.

Damu kwenye maji ya kijani haina rangi unayoijua. Inatoka kama moshi. Nilimwona ameushika mkono wake wa kulia tumboni, macho yake yamefunguka nyuma ya ile miwani, ananitazama. Ningekuwa yeye ningepanda juu nimwache mpumbavu na kisu chake.

Yeye alipeleka mkono wa kushoto kifuani, akachomoa kile kikatio chake kidogo chenye wembe uliofichwa ndani ya plastiki, akarudi nyuma yangu. Akakata shingoni. Akashuka, akakata mguuni. Kwa mkono wa kushoto, huku moshi ule unamfuata. Uzi uliachia, nikapanda.

Nilipanda mimi kwanza. Hilo nalo lihesabu.

Njiani nikakiachia kisu kikazama. Ndicho kitu pekee maishani mwangu nilichowahi kukitupa kabla ya kukitafutia mteja.

Juu, wavuvi walinivuta mtumbwini. Shabani akatokeza nyuma yangu akiwa ameishiwa nguvu, na nikamshika makwapa nikampandisha. Ndicho walichokiona. Damu ikajaa mtumbwini.

"Nini? Nini kimemkata?" mmoja akauliza.

Nikasema, "Bati. Kuna mtumbwi wa zamani chini, una bati. Amejikata."

Lilitoka lenyewe, laini, kama bei ninayoitaja kila siku. Shabani alikuwa chali, ananitazama.

"Na wewe umemtoa?" yule mvuvi akaniuliza.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimelowa bado, mtu akilia wakati ule anasamehewa. Nilijibu, "Tumetoka wote." Na wao wakasikia unyenyekevu.

Hospitali walimshona, kisha wakamtuma Dodoma kwa upasuaji mwingine. Daktari wa kwanza alilitazama lile jeraha akasema, "Bati huchana. Hili limekatwa safi." Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika kofia yake. Shabani akamjibu, "Daktari, andika bati."

Kidonda kilipona. Dole gumba halikupona. Linasimama, halikunjiki. Jaribu kushika mkasi bila dole gumba, halafu uniambie unakata kanzu ya nani.

Mimi nikawa shujaa. Mwaloni walinipigia makofi. Tajiri wa samaki alinilipa zaidi ya tulichopatana bila mimi kufungua mdomo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya biashara yangu. Shabani akawa yule fundi aliyejisifu pwani halafu akajikata kwenye bati kama mtoto wa chekechea. Watu ni wepesi wa kusema. Mkewe naye alimsema. Alimwambia mbele yangu, "Mtu mzima unajikataje na kitu kilicholala?" Shabani akawa anafunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto, anajifunza.

Halafu shemeji, huyo mke wake, akaja nyumbani kwangu na jogoo. Kienyeji kabisa, mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kitambaa cha kanzu.

"Shemeji, sina cha kukulipa. Umenirudishia baba watoto wangu. Mpokee huyu."

Jogoo wa shukrani hakataliwi, unajua mwenyewe. Nikampokea. Mke wangu akaniuliza nitamchinja lini. Nikamwambia anenepe kwanza. Akanenepa. Akaniuliza tena. Yule ndege alikuwa anawika dirishani kwangu kila alfajiri, na mimi natazama dari. Mwenye visu vya kukodisha mji mzima nilishindwa kumchinja jogoo mmoja.

Siku moja nilikaa na Shabani dukani kwake, tuko wawili. Nikamuuliza kwa nini hakunikanusha.

"Uliyasema mbele ya watu," alisema. "Nikikukanusha pale inakuwa ugomvi, neno langu na lako. Nikasema nitamwachia ayarekebishe mwenyewe, atakapokauka." Akaokota sindano kwa mkono wa kushoto. "Sikujua unakauka polepole hivi."

"Unaweza kusema sasa. Sitakataa."

"Maneno ni yako, kaka. Mimi sikusemei."

Basi nikanaswa upya, na safari hii hakuna wa kuja nyuma yangu na wembe.

Kilichonisukuma ni kazi ya bwawa. Wakulima wa upande wa Kintinku, wilayani Manyoni, walikuwa na lango la maji lililokwama chini ya bwawa la kumwagilia. Wakaja mjini kutafuta mzamiaji. Shabani alishaanza kuzama tena, kwa mkono wa kushoto, na kwa kazi ya lango alikuwa anatosha kabisa. Kwake ile haikuwa kazi tu. Mkasi ameshaupoteza, na majini ndipo palipokuwa pamebaki. Wale wakulima waliuliza mwaloni, wakaambiwa: fundi ni yule wa sokoni, huyo mwingine hujikata. Wakaja kibandani kwangu, wakampita yeye amekaa mlangoni kwake.

Siku hiyo jioni nilimfunga jogoo miguu nikaenda naye kwa Shabani.

Shemeji alikuwa mezani anakata kitambaa, Shabani amekaa pembeni anamwonyesha kwa kidole pa kupita. Nikamweka jogoo chini. Nikasema yote, kuanzia kwa mbuzi. Mashine ya kunoa, ncha, ule mzaha wa mtihani, mkono nilivyougeuza, bati. Sikupunguza.

Shemeji hakupiga kelele. Aliuweka mkasi mezani, akaunyoosha sawasawa na ukingo wa kitambaa.

"Miezi yote hii nilikuwa namsema," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamtazama mumewe. "Mpaka mbele ya mama yangu nilimsema. Na wewe ulikuwa unakaa tu."

Shabani akasema, "Lilikuwa si langu kusema."

Mkewe akanigeukia. "Shemeji, nenda. Nikitaka kukuona nitakuita."

Hajaniita. Jogoo alimbakiza. Sijui walimfanya nini na sina haki ya kuuliza.

Nilipotoka, Shabani alinifuata mpaka mlangoni. "Na wale wa mwaloni," akasema. "Na wa Kintinku. Hao ndio waliochukua jina langu."

Kesho yake nikaenda mwaloni, nikasimama mbele ya watu wote nikasema: mimi ndiye niliyemkata Shabani. Kisu changu. Yeye ndiye aliyenitoa, kwa mkono mmoja. Hakuna bati.

Halafu tajiri wa samaki akatabasamu, akampiga mwenzake kiwiko.

"Mnamwona? Ana kazi ya Manyoni mkononi, sasa anajishusha ili wapandishe bei. Huyu mtu ni hatari."

Wakacheka wote. Nikaapa. Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akaniambia, "Na unamtetea mwenzako asiaibike. Mungu akulipe." Nimesimama palepale, nimesema ukweli kwa mara ya kwanza tangu jambo lile, na umepimwa kwa mizani yangu ya sokoni.

Wakulima walipokuja tena kuchukua jibu nikawaambia sitaki kazi, mchukueni Shabani, yeye ndiye fundi. Wakatazamana, wakatoka nje kunong'ona, wakarudi wameongeza. Nikasema hapana. Wakaongeza tena. Nikamwambia yule kiongozi wao, "Mzee, shikamoo kwanza, na naomba unisikilize. Mimi sijui kuzama. Nilikaribia kuua mtu."

Akanijibu kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Tumeambiwa utasema hivyo. Sema tu unataka kiasi gani."

Hapo ndipo nilipo leo ninapoandika. Lango la bwawa limekwama, vitunguu vyao vinakauka, fundi wa kweli amekaa mlangoni kwake na dole lililosimama, na mimi kila nikisema hapana nasikika kama nimetaja bei. Ndiyo maana nimeliandika gazetini bila jina. Labda mtu mwingine akiwasomea kwa sauti yake, kule mwaloni na kule Kintinku, litasikika kama ukweli.

Ukienda kununua kisu cha kuzamia, chukua chenye meno, kisicho na ncha, kifunge mahali mikono yote miwili inafika, na usikipe kazi nyingine hata mbuzi wa mji mzima wakisubiri. Kijaribu kwenye wavu kila siku ya kazi. Mwenzako akikuuliza lini ulikijaribu, usimchekeshe.

Na ukimkosea mtu, liseme ukiwa bado umelowa. Ukishakauka, watu wanakuwa wameshakupa jina, na hilo jina ndilo litakalokujibia.